Usiniambie Niondoke Mapema

Kila mwaka Machi ikifika, ushauri ni ule ule kwenye simu zetu: angalia utabiri, panga safari, ondoka mapema. Watalii nao wana wao. Njoo Kenya kati ya Juni na Oktoba, Mara kumekauka na nyumbu wanavuka mto. Aprili na Mei kaa kwenu, au kuja ulipe hoteli bei ya chini na ukubali kulowa. Mimi sina ubaya na ushauri wa mtalii. Yeye ana mwezi wa kuchagua.

Safari yangu mimi ni kutoka Riara, hapa Mukuru kwa Njenga, hadi Industrial Area. Ni mguu, dakika arobaini kukiwa kukavu. Naenda Aprili vile naenda Agosti, kwa sababu mwenye nyumba haulizi kama ni masika ama ni kiangazi. Sasa ukiniambia nipange safari kulingana na hali ya hewa, nipange nini hasa? Nihamishe Aprili?

Na si ati hatupangi. Mvua ndefu ya Nairobi inapenda jioni na usiku, kwa hivyo unalala ukisikia mabati yakipigwa, unaamka kukiwa kumejaa. Kabla hata ya chai unasikiliza nje: kama watu wanapita wakiongea kawaida, njia iko. Kama kuna kelele za kuitana, kuna mahali maji yamefunga. Watoto wa ploti yetu wameweka jiwe karibu na mtaro. Likimezwa, wanajua leo shule ni ya kubebwa. Huo ni utabiri pia, na haujawahi kunidanganya.

Halafu hesabu inaanza. Pahali pameshika maji, kuna kijana na mkokoteni, anakuvusha kwa mbao. Ukifika lami, kuna mwenye mtungi anakuuzia maji ya kuosha miguu, kumi bob, ndio uvue gambuti uvae viatu vya kazi. Jioni unarudia yote mawili. Jumla sitini, kwa kibarua cha mia sita. Fungu la kumi kamili, ila hili halifiki kanisani. Nalipa mtaro ulioziba. (Nyumbu wakivuka maji wanapigwa picha na watu waliopanda ndege kuja kuwaona. Sisi tukivuka, picha inayopigwa ni ya kutuambia tulijitakia.)

Sikatai kuna barabara za Mukuru zilizowekwa lami na mitaro enzi za NMS, na zimesaidia. Lakini lami inaishia pale inaishia, na kuna watu wengi wanaoishi baada ya hapo.

Aprili 2024, ile mvua iliyochelewesha hata shule kufunguliwa, nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Siku nyingine hutoka karibu saa moja kamili kasorobo, kwa hivyo tusiongelee mapema. Njia yangu ya kawaida ilikuwa imekuwa mto. Nikazunguka na Pipeline, nikatokea Outering, nikarudi chini. Nilifika getini saa moja na dakika arobaini na mbili. Geti hufungwa saa moja unusu. Tulikuwa watu kama thelathini hapo nje, wote tope hadi magotini. Soja akatuangalia akasema, "Si mngetoka mapema?" Hakuwa na ubaya, alikuwa anarudia alichoambiwa arudie. Siku ikaenda hivyo, bila kazi na bila pesa.

Saa mbili na kitu, gari la msimamizi likafika. Yeye hutoka mtaa wenye taa na mitaro, na siku hiyo jam ilikuwa imemshika kama kila mtu. Alipiga honi mara moja. Geti likafunguka. Hakuulizwa kama aliangalia utabiri.

Hapo ndipo niliacha kukasirikia mvua. Ilitunyeshea sote, ikatuchelewesha sote. Kilichoamua nani anakula siku hiyo ni geti, na geti ni watu walikaa wakaamua lifungwe saa ngapi.

Ni hivyo hivyo na matatu. Utaambiwa nauli inapanda kwa sababu ya jam, mafuta yanachomeka, gari linafanya safari chache. Ni kweli, na konda naye ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni. Lakini simama pale Taj Mall (jengo lilibomolewa 2018, steji bado tunaiita hivyo) uone: tone la kwanza likianguka, kabla gari hata moja halijakwama, hamsini imeshakuwa soo. Mawingu hayakupandisha hiyo bei.

Na wakubwa wanaotuambia tupange, wao hupanga? Watu wa hali ya hewa pale Dagoretti Corner walikuwa wameonya kuhusu El Niño mwaka wa 2023. Oktoba Rais akatuambia haitakuwepo. Novemba nchi ikafurika. Mwaka uliofuata, Mto Ngong ulipojaa, mpango uliotufikia ulikuwa amri ya kuhama mita thelathini kutoka mtoni, na Mei matingatinga yakaja Mukuru mvua ikiwa bado inanyesha. Kwa Njenga tulikuwa tunayajua tayari, kwa vile Novemba 2021 yalikuja kubomoa nyumba kupisha barabara. Serikali inajua kufika huku. Inafika hata kukiwa na tope.

Utabiri wa mvua ndefu hutolewa kabla ya mvua yenyewe. Hiyo ndiyo nafasi ya kuzibua mitaro na kuinua vivuko vya miguu, si Mei tukiwa tumeshavushwa na mkokoteni mwezi mzima. Na viwanda navyo vinasoma onyo lile lile ninalosoma kwa simu. Siku ya onyo la mvua kubwa, geti likae wazi hadi saa mbili unusu. Ni saa moja tu. Kama msimamizi anaipata kwa honi, mimi naiomba kwa karatasi, iliyotiwa saini.

Wenzangu kumi na mmoja tayari wametia zao. Wengine wanaogopa, na siwalaumu. Kibarua hakina mkataba, jina lako likionekana unaweza kuambiwa kesho usikuje. Karatasi iko ndani ya begi langu, imefungwa na nailoni ya mkate isilowe. Usiku huu mabati yameanza tena, na jiwe la watoto silioni.