Usimnunulie Mwanao Lori Lililokwisha Kuunganishwa

Haya wadau, leo nina ugomvi. Ugomvi wangu ni na wazazi wa mjini, wale wenye kazi nzuri na watoto wanaopelekwa shule kwa basi la njano, ambao kila sikukuu wanaingia dukani na kutoka na boksi refu lenye dirisha la plastiki. Ndani kuna lori la rimoti. Limekwisha kuunganishwa, limepakwa rangi, linawaka taa, linapiga honi. Mtoto analiwasha sebuleni, familia inapiga makofi. Baada ya wiki mbili lori liko chini ya kochi, maiti, na hakuna mtu ndani ya nyumba hiyo anayejua limekufa kwa ugonjwa gani.

Nasema hivi: kati ya lori la kutoa kwenye boksi na kuendesha, na lori linalokuja likiwa vipande ili uliunganishe mwenyewe, chukua vipande. Kama mfuko hauruhusu vipande vya Mjapani, chukua waya na malapa yaliyokatika. Lakini hilo linalometameta na lisilofunguka, liache hapo hapo dukani.

Kabla hujanirushia mawe, twende kwanza Msangano.

Msangano ni kata ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, kule bondeni, mbali na kelele za Tunduma. Vijiji vya huku, kama vijiji vingi vya Tanzania, vina viwanda vya magari ambavyo waziri yeyote hajawahi kuvikatia utepe. Mafundi wake wana miaka minane au tisa. Malighafi ni waya, mabua, vifuniko vya chupa na soli za malapa. Mtoto anakunja waya mpaka unakuwa kichwa cha lori, anafunga tela nyuma, kisha anachukua fimbo ndefu, anaweka usukani wa waya juu yake na kuifunga kwenye ekseli ya mbele. Anatembea nyuma ya lori lake huku akilikatisha kona. Hiyo ndiyo rimoti yake. Haitumii betri.

Sasa angalia huyo mtoto anajua nini. Anajua kwamba magurudumu mawili ya mbele yanapinda pamoja kwa sababu kuna kitu kimeyaunganisha. Anajua kwamba tela likiwa refu mno halikati kona kali. Anajua tairi likibana sana kwenye ekseli halizunguki, na likilegea linachomoka. Hakuna aliyemfundisha. Lori lilimfundisha, kwa sababu yeye ndiye aliyelitengeneza. Ng'ambo ya mpaka, Zambia na Malawi, magari haya wanayaita galimoto, na watoto wanayaunda vilevile.

Halafu mlete mtoto wa mjini na lile boksi lake. Muulize lori lake linapindaje. Atakwambia, "Nabonyeza hapa." Basi. Elimu imekwisha.

Tena nyingi ya hizi rimoti za bei rahisi zina usukani wenye maneno matatu tu: kushoto, kulia, katikati. Hakuna kupinda kidogo. Kipokea mawimbi, swichi ya mota na kila kitu kingine vimewekwa kwenye kibao kimoja cha saketi, kikiungua kimekwenda chote. Zile zinazotumia masafa ya zamani, megahezi 27 au 49, ukiweka mbili za aina moja kwenye uwanja mmoja zinagombania amri: jirani anabonyeza, lako linaondoka. Na spea? Nenda kaulize. Mpwa wangu alinunuliwa moja Tunduma, duka silitaji. Lilikufa kwa sababu ya gia ya plastiki ndogo kuliko sarafu ya shilingi mia. Mwenye duka alicheka, akasema nunua jingine. Wadau, hiyo sentensi ya "nunua jingine" ndiyo inayonikera kuliko hata lile lori.

Sasa tuzungumzie vipande. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza kutoa magari ya rimoti mwaka 1976. Kati ya bidhaa zake yamo malori ya ukubwa wa moja ya kumi na nne ya lori halisi: Scania, Mercedes-Benz Actros, Volvo. Unafungua boksi unakuta mifuko ya skrubu, vyuma vya chesisi, gia, springi na kitabu cha michoro. Hakuna lori humo. Lori utalitoa wewe mwenyewe, jioni kwa jioni, ukiwa na bisibisi.

Unapoliunganisha unalazimika kukutana na difu. Unazipanga zile gia ndogo kwa vidole vyako na kuzipaka grisi. Unazungusha gurudumu moja, la pili linazunguka kinyume, na ghafla unaelewa kwa nini lori likikata kona gurudumu la nje linaweza kukimbia kuliko la ndani. Unaelewa pia kwa nini lori la kweli likinasa kwenye tope gurudumu moja linazunguka bure huku jingine limetulia. Unaunganisha giaboksi ya mwendo wa gia tatu. Unapanga gia ya mota isiibane ile kubwa, wala isiachane nayo: kipande cha karatasi kikipita katikati kwa taabu, imekaa sawa. Siku lori likigoma, hushangai. Unajua pa kuanzia kutafuta.

Najua mtakachosema. "Wewe mwandishi, bei je?" Swali la haki, na sitalikimbia. Lori la vipande la namna hiyo ni mamia ya dola, na mara nyingi ndani ya boksi hakuna rimoti, hakuna betri, hakuna chaja, hakuna kidhibiti mwendo, hakuna ile mota ndogo ya kupinda usukani. Vyote unanunua pembeni. Ongeza usafiri na kodi. Kwa mwalimu wa shule ya msingi ni ndoto. Lakini nimeanza na wazazi wenye kazi nzuri, na hao nawajua. Wanabadilisha simu kila mwaka. Wasiniambie habari za bei.

Kwa sisi wengine njia ipo. Chukua lori la waya la Msangano. Chukua mota kwenye deki ya DVD iliyokufa, gia kutoka kwenye saa au mchezo ulioharibika, kibao cha saketi kutoka kwenye lile lori lililolala chini ya kochi. Kaa na mwanao, au mdogo wako, kwa fundi redio wa mtaani, mlipe soda na muda wake. Litakwenda upande. Litasimama. Mtalifungua tena. William Kamkwamba wa Malawi alijenga kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli na takataka za chuma akiwa kijana mdogo aliyeacha shule kwa kukosa ada. Hakusubiri boksi.

Mwingine atasema, "Mbona yapo yaliyokwisha kuunganishwa ambayo ni mazuri?" Kweli yapo. Kampuni kama Traxxas ya Marekani inauza magari yaliyo tayari, lakini unaweza kuyafungua mpaka skrubu ya mwisho na kununua kila kipande peke yake. Ukiwa na hilo sina ugomvi na wewe, ilimradi ulifungue. Kwa hiyo ukifika dukani swali la kwanza lisiwe "linakimbia kiasi gani?" Uliza, "linafunguka? Spea zake zinauzwa?" Muuzaji akibaki anakodoa macho, umepata jibu lako.

Kwa nini nalipigia kelele jambo la mchezo wa watoto? Kwa sababu natoka mkoa unaoishi kwa malori. Tunduma ni foleni. Shehena ya Zambia na Kongo inapita hapa usiku na mchana. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha mpakani ili foleni ipungue. Tunalala na malori, tunaamka na malori. Tunayauzia chai, maji na vocha. Vijana wetu wanakuwa madereva na utingo. Ni kazi za heshima, lakini hesabu ni wangapi kati yetu wanaojua kilichomo ndani ya hayo machuma. Ni wale mafundi wachache wenye grisi viwikoni, ambao wazazi haohao wa mjini wanawatolea watoto wao kama mfano wa mtu ambaye hakusoma.

Nchi nayo ni vilevile. Zamani Kibaha palikuwa na TAMCO, wakiunganisha malori ya Scania. Wakenya mpaka leo wanapokea Isuzu zikiwa vipande na kuziunganisha Nairobi. Mtu atasema kuunganisha vipande vya mwenzako siyo kubuni. Sikatai. Anayefuata kitabu cha michoro hajabuni kitu. Lakini nionyesheni aliyewahi kubuni kitu ambacho hajawahi kukifungua. Hakuna ngazi isiyo na kidato cha kwanza.

Januari 2024 serikali ilianza mtaala mpya wenye mkondo wa amali sekondari. Nimeufurahia. Lakini amali haiwezi kuanzia kidato cha kwanza kwa mtoto ambaye miaka kumi na tatu yote amefundishwa kubonyeza. Na ajabu ni kwamba mtoto wa Msangano anafika darasani akiwa tayari ni fundi, kisha tunamwambia aache kuchezea takataka, akae, anakili ubaoni. Yule aliyekuwa mbele tunamrudisha nyuma ili alingane na wa kwenye boksi.

Ombi langu kwa mliosoma na mna vijisenti: sikukuu ijayo, badala ya malori matano ya kufa, changeni wanne au watano mnunue moja la vipande. Lipelekeni kwenye shule mliyosoma, darasa zima liliunganishe. Litachafuka, skrubu mbili zitapotea, kuna mtoto atafunga difu kinyume na lori litarudi nyuma likiambiwa liende mbele. Msimkaripie. Mwachieni bisibisi.

Nawakilisha.