Mzazi Anarudi Kigali, Mtoto Anahamia

Pale Rusumo, kwenye daraja la mto Akagera, familia inayotoka Tanzania kuhamia Kigali hubadilisha mambo mawili kwa mpigo. Basi lililokuwa likipita kushoto tangu Mwanza linahamia kulia, na saa inarudishwa nyuma kwa saa nzima. Kuna la tatu, nalo humwangukia mama mwenye mizigo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, miaka 11 kabla ya Tanzania, na mpakani hakuna mzaha na jambo hilo. Viatu vya watoto, sabuni na dagaa waliofungwa kwenye rambo hufunguliwa na kupangwa upya ndani ya shangazi kaja, lile begi la miraba ambalo limehamisha nusu ya Afrika Mashariki.

Baba huwa hana neno, kwa kuwa amefika kwao. Maswali yote yanatoka kwa watoto.

Hapo ndipo Rwanda, nchi yenye uzoefu mkubwa mno wa kupokea watu wake, inapokosea hesabu. Inawapokea abatahutse, yaani waliorudi, kana kwamba kila anayeshuka kituo cha mabasi cha Nyabugogo na begi lake anarudi. Lakini mtoto aliyezaliwa Bukoba, Kampala au Brussels harudi popote. Anahamia nchi ya kigeni ambayo pasipoti yake tayari anaistahili. Mahitaji yake si ya mrejea, ni ya mhamiaji: lugha, shule, karatasi zinazosomeka, na mtu wa kumweleza mambo ambayo kila mwenyeji anadhani yanajulikana.

Mji wenyewe ungepaswa kulijua hili kuliko mwingine wowote, kwa sababu umejengwa na waliorudi. Mwaka 1962, Rwanda ilipopata uhuru, Kigali ilikuwa kijiji cha maofisa chenye watu elfu chache tu. Wakati huo maelfu ya Watutsi walikuwa wameshakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika kufuatia machafuko yaliyoanza Novemba 1959. Wakakaa huko kizazi kizima. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa uraia zaidi ya 30,000 kati yao, wakati Uganda ya Obote iliwafukuza wengine katika makazi yao huko Ankole mwaka 1982. Mwaka 1986 chama tawala cha Kigali, MRND, kilitamka kwamba nchi imejaa na haiwezi kuwapokea kwa wingi. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Oktoba 1990, watoto wa wakimbizi hao wakavuka mpaka wakiwa na bunduki.

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, zaidi ya watu laki sita, wale wa 1959 na watoto wao, waliingia nchini. Nyuma yao likaja wimbi jingine, la waliokuwa wamekimbia mwaka huohuo wa 1994. Katika siku chache za katikati ya Novemba 1996, zaidi ya watu laki tano walitembea kwa miguu kutoka kambi za Goma, Kongo (wakati huo Zaire), na mwezi uliofuata Tanzania ikawarudisha karibu laki tano wengine kupitia hapohapo Rusumo. Nchi haikuwa na mahali pa kuwaweka. Itifaki ya Arusha ya Juni 1993 ilikuwa imeshapendekeza kwamba aliyekaa nje zaidi ya miaka 10 asidai tena ardhi yake iliyokwisha kukaliwa na wengine, kwa hiyo ilitafutwa ardhi mpya: zaidi ya nusu ya Hifadhi ya Akagera ikakatwa mwaka 1997, na kule Kibungo wenye mashamba wakaambiwa wagawane na wageni. Mjini, waliotangulia waliingia katika nyumba zilizoachwa wazi, na wenyewe waliporudi mwaka 1996 kesi zikafuata.

Wanyarwanda, kwa ulimi wao usiopumzika, waligawana majina. Waliotoka Uganda wakaitwa Abasajya, wa Burundi Abajepe, wa Zaire Abadubai, na waliokuwamo nchini muda wote Abasopecya, kwa jina la kampuni ya mafuta. Leo majina hayo hayapendwi, na kwa haki, maana hakuna taifa linalojengwa kwa kuulizana umetokea wapi. Hata hivyo yalikuwa na ukweli mmoja ambao takwimu haziuoni. Watu hawa wote walikuwa Wanyarwanda, na bado kila kundi lilikuja na shule yake kichwani, chakula chake na namna yake ya kusalimu.

Sasa tazama nani alibebwa na nani aliachwa ajibebe.

Waliotoka Uganda hawakujua Kifaransa, na wengi wao ndio walioshika jeshi na serikali. Rais Paul Kagame mwenyewe alitoka nchini akiwa mtoto mdogo mgongoni mwa ukimbizi, akakulia Uganda na kusoma huko hadi sekondari. Rwanda haikuwasubiri wajifunze Kifaransa. Kiingereza kilifanywa lugha rasmi mwaka 1996, na mwishoni mwa 2008 serikali ikaamua kiwe lugha ya kufundishia. Walimu waliosomea Kifaransa maisha yao yote wakaamka siku moja wakiwa wanafunzi. Unaweza kuulaumu uamuzi huo au kuusifu, ila haiwezekani kukana kwamba ulikuwa ni nchi nzima kujipinda ili waliorudi wapate pa kusimama. Wa Bujumbura na Bukavu, waliodhani Kifaransa chao kinatosha, wakajikuta wageni mara ya pili.

Wa Tanzania hawakupata kujipindiwa. Walikuwa wachache, wengi wao wafugaji na wakulima wa Kagera, na lugha yao ya shule ilikuwa Kiswahili. Kiswahili kimekuwapo Kigali tangu enzi za Wajerumani, pale Nyamirambo na Biryogo, lakini kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa lugha ya soko, ya madereva na ya wahuni. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na ilichukua miaka 10 mingine hadi Bunge lilipopitisha, Februari 2017, sheria ya kukifanya lugha rasmi ya nne. Ukitaka kukisikia kwa raha zake, nenda Biryogo jioni, kwenye mitaa iliyofungiwa magari tangu 2021, ukae na chai mezani katikati ya barabara iliyopakwa rangi. Ukitaka kukisikia ofisini, utangoja sana.

Katikati ya safari hiyo ya Kiswahili likatokea jambo la 2013. Rais Jakaya Kikwete aliagiza wahamiaji wasio na vibali waondoke Kagera na mikoa jirani, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Zaidi ya watu 10,000 waliingia Rwanda, wakapokelewa katika kambi za Kiyanzi na Rukara, kisha wakagawanywa wilayani. Wapo waliokuwa wamekaa Tanzania miongo mingi, wapo waliozaliwa huko, na wapo waliomwacha mke au mume wa Kitanzania upande wa pili. Kwa karatasi walikuwa wamerudi kwao. Kijana wa Karagwe aliyefika kwao akiwa hawezi kuandika sentensi ya Kinyarwanda hakuwa na neno la kuielezea hali hiyo, na ofisi nayo haikuwa nalo.

Chukua suala dogo la majina, dogo hadi litakapokupata kaunta. Cheti cha kuzaliwa cha Tanzania humpa mtoto jina lake, la baba na la babu. Kwa desturi ya Rwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kinyarwanda, na ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne yasiyofanana hata herufi. Karani wa Kigali anaposoma cheti cha mtoto aliyetoka Mwanza, anaona majina matatu ya watu asiojua yupi ni nani. Mzazi hueleza na karani husikiliza, kisha foleni nyuma yao huanza kukohoa. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Hakuna pia fomu iliyobuniwa kwa ajili ya mtoto huyo, ingawa nchi hizi mbili zimo katika jumuiya moja na zina daraja jipya la pamoja lililozinduliwa na Kagame na John Magufuli Aprili 2016.

Gari ni kichekesho kingine. Sheria ya forodha ya Jumuiya humsamehe ushuru wa gari moja mkazi anayerejea kutoka nje ya Jumuiya, mradi amelimiliki na kulitumia kwa miezi 12. Mnyarwanda wa Brussels, ambaye usukani wake uko kushoto, ananeemeka. Wa Dar es Salaam au Kampala yumo ndani ya Jumuiya, na usukani wake uko kulia, aina ambayo Rwanda iliacha kuipokea kwa magari madogo tangu 2005. Aliye jirani huuza gari lake kabla ya kuvuka.

Yote hayo yanavumilika, maana mtu mzima atanunua usukani mwingine. Shule haivumiliki. Siku hizi mwaka wa masomo Rwanda huanza Septemba, wakati Tanzania na Kenya huanza Januari, na Uganda Februari. Mtoto wa Tanzania hufanya mtihani wa darasa la saba mwezi huohuo wa Septemba, ambapo mwenzake wa Kigali, aliyemaliza msingi kwa miaka sita, ameshakaa sekondari. Aliyesoma shule ya serikali alisomea hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Akifika Kigali atazikuta kwa Kiingereza, na uwanjani wenzake watacheza kwa Kinyarwanda. Akiwa na bahati atarudishwa madarasa mawili nyuma. Asipokuwa nayo atakaa nyumbani, akingoja mwaka mwingine uanze.

Wapo watakaosema mtoto hujifunza upesi, mwache achanganyike. Ni kweli kwa wa miaka sita. Wa miaka 13, anayejua mgawanyo wa desimali kwa Kiswahili lakini anakaa na watoto wa miaka 11 kwa sababu hajui kuutaja kwa Kiingereza, anajifunza upesi jambo jingine: kwamba yeye ni mjinga. Hata wenye uwezo hawaepuki mtikisiko huu. Mwandishi na mwanamuziki Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura kwa mama Mnyarwanda na kukimbilia Ufaransa akiwa mtoto, alihamia Kigali na familia yake, na riwaya yake *Jacaranda*, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2024, inamhusu kijana wa Ufaransa anayeitafuta nchi ambayo mama yake hakumsimulia. Faye alikuwa na Kifaransa cha kuandikia. Wa Karagwe ana Kiswahili.

Na Kiswahili ndicho hasa Rwanda inachodai kukitaka. Imekifanya lugha rasmi na inakifundisha sekondari. Wakati huohuo watoto wanaokizungumza tangu kuzaliwa wanaingia kupitia Rusumo na kurudishwa nyuma madarasa mawili. Wizara ya Elimu ingeweza kuanza na mambo ambayo hayahitaji msaada wa mfadhili: mtihani wa kumpanga mtoto unaopima hesabu kwa lugha anayoijua, muhula mmoja wa Kinyarwanda na Kiingereza katika shule chache za Nyamirambo na za wilaya za Kirehe na Kayonza, na ruhusa ya kuingia Januari kwa aliyemaliza darasa la saba ng'ambo ya mto. Wilaya nayo ingeweza kumpa karani ukurasa mmoja unaoeleza majina ya Kitanzania yanavyopangwa.

Liko pia la uraia, na hili lina tarehe ya mwisho. Tangu 2003 Katiba ya Rwanda inaruhusu uraia pacha, lakini sheria ya uraia ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Ndugu wawili waliovuka pamoja, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa 17, hawana muda sawa wa kuamua, na mkubwa huenda akalazimika kuchagua kabla hata hajajua kama Kigali itamfaa. Hilo linapaswa kuelezwa palepale mpakani, kwa Kiswahili, na aambiwe kijana mwenyewe, si baba yake peke yake.