Mlio Uliotangulia Ungali Sikioni

Mtu aliyeketi katika chumba cha kupimia usikivu, kitufe mkononi, hudhaniwa kuwa anaujibu kila mlio peke yake. Sivyo. Anapojibu mlio wa kumi, ule wa tisa ungali unamwongoza mkono. Sauti nzito ikifuatwa na nzito nyingine, mkono huwahi. Ikifuatwa na nyembamba inayodai kitufe kingine, huchelewa. Akikosea, jibu linalofuata huja kwa kusitasita, jambo ambalo Patrick Rabbitt alilieleza mwaka 1966. Hata kungoja huacha alama: aliyengojeshwa kwa muda mrefu katika jaribio lililopita huchelewa kuujibu mlio unaowahi kuja.

Tofauti hizo ni za milisekunde, na kwa hiyo wengi huzizika ndani ya wastani. Hapo ndipo penye kosa. Mwaka 1961, nchini Marekani, Samuel Sutton na wenzake waliwapima wagonjwa wa skizofrenia na watu wenye afya kwa kuchanganya mwanga na sauti. Sauti iliyotanguliwa na mwanga ilijibiwa kwa kuchelewa kuliko iliyotanguliwa na sauti. Kwa wagonjwa, ucheleweshaji huo ulizidi. Jambo hilo lilionekana kwa kuwa watafiti waliuliza kila jibu limetanguliwa na nini. Wangalitazama wastani tu, wangaliandika kwamba wagonjwa ni wazito wa kuitikia, habari ambayo muuguzi yeyote wa wodi angaliwapa bila mashine.

Wapimaji wa usikivu hufundishwa kutoa milio kwa vipindi visivyo sawa. Foleni inaporefuka, fundisho hilo husahaulika kwa urahisi: milio hutolewa kama mapigo ya saa, na mgonjwa, pasipo nia ya kudanganya, hubonyeza kwa kufuata mwendo hata pale asiposikia kitu. Cheti chake husema anasikia.

Kompyuta inayokokotoa wastani imekwisha kuyapokea majibu yote kwa mpangilio wake. Kuyatupa ni hiari ya mpimaji, wala hakumpunguzii kazi. Mzee anayeandikiwa kuwa mzito wa kuitikia anastahili kujua kama uzito huo ulikuwapo kwa kila mlio, au kwa ile tu iliyofuata makosa yake.