Kila Doto siyo wa Biteko

Nikiwa mwaka wa pili nilipeleka barua ya kuomba nafasi ya fildi kwenye ofisi moja mjini. Mama wa mapokezi akasoma jina langu, akainua macho: "Doto? Wewe na Biteko mnahusianaje?" Nikamjibu ukweli. Biteko ni mbunge wa Bukombe, Geita, na amewahi kuwa Naibu Waziri Mkuu. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Migato, Simiyu. Tabasamu likakatika, barua yangu ikawekwa chini kabisa ya lundo.

Wanachuo wenzangu, kwetu Usukumani mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, anayewafuata ni Shija. Jina linaeleza ulivyokuja duniani, halitaji ukoo. Ndiyo maana kila kijiji kina akina Doto wake, wa kike na wa kiume.

Mnakumbuka ajali ya ndege Bukoba, Novemba 6, 2022? Watu 19 walifariki. Mvuvi kijana aliyewahi kuokoa abiria anaitwa Majaliwa Jackson. Aliyeongoza kuaga miili pale Kaitaba ni Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia mbunge wa Ruangwa, Lindi. Kwa mmoja Majaliwa ni jina la kwanza, kwa mwingine ni la mwisho. Yule kijana Rais aliagiza aajiriwe Zimamoto kwa sababu ya alichokifanya ziwani, siyo kwa sababu ya jina.

Na Masanja je? Mary Masanja amewahi kuwa Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii. Masanja Mkandamizaji wa Orijino Komedi jina lake hasa ni Emmanuel Mgaya. Sasa hapo utatafuta undugu wapi?

Najua mtasema, "Acha zako, koneksheni zipo." Zipo kweli, sibishi. Ila jina peke yake siyo ushahidi. Hapa chuoni mwenzetu akipata fildi nzuri au akishinda uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, tunakimbilia jina lake la mwisho: "Si umeona ni wa nani?" Kama hana undugu wowote, tumemnyang'anya jasho lake. Na sisi wenyewe tunajifundisha kwamba bila jina kubwa hakuna haja ya kuomba. Hapo ndipo tunapojimaliza.

Kwa hiyo tukikaa kwenye meza ya mapokezi kesho, maana wengi wetu tutakaa, tusome barua yote kabla ya kuuliza jina.

Mimi ndugu ninaye. Anaitwa Kulwa, yuko Migato analima pamba. Shamba halijawahi kumuuliza anahusiana na nani.