"Gypsy": Jina lililotokana na kosa

Mtoto akitoka kuangalia filamu anauliza, "Mama, Gypsy ni nani?" Wazazi wengi hujibu: ni watu wa kuhamahama. Jibu hilo halitoshi, maana wengi wao leo wana makazi ya kudumu.

Karne nyingi zilizopita, wageni hawa walipofika Ulaya, wenyeji walidhani wametoka Misri. Mmisri kwa Kiingereza ni "Egyptian". Neno likafupishwa, likawa "Gypsy". Kumbe asili yao ni India, na lugha yao, Kiromani, ina undugu na Kihindi.

Baadaye jina hilo likabebeshwa dhana ya wizi na ulaghai. Mtoto anayeitwa hivyo kwa dhihaka shuleni huumia.

Mwaka 1971, wawakilishi wao walikutana karibu na London wakakubaliana kuitwa Roma. Jina hilo halihusiani na jiji la Roma wala nchi ya Romania. Hata hivyo, Uingereza wapo wanaojiita Gypsy kwa fahari.

Basi mzazi, mfundishe mwanao jambo moja: kabla ya kumpa mtu jina, muulize yeye anajiitaje.