Mkoba wa Safari Ujazwe vya Kwetu

Anayeishi Port Reitz hahitaji kusoma vitabu vya takwimu ili ajue kwamba nchi hii yaishi kwa vya kuagiza. Asimame tu kando ya hori asubuhi, naye ataziona meli zikielekea Kipevu zikiwa zimelemewa na makontena. Ndani yamo nguo, viatu, mabegi, vyombo na taa. Vitu hivyo vyashukia mlangoni petu, kisha vyaturudia madukani kwa bei ambayo wengi wetu hatuimudu.

Nayasema haya kwa sababu ya karatasi moja. Mwaka jana shule fulani, ambayo sitaitaja, iliandaa safari ya miguu ya siku mbili katika Hifadhi ya Shimba Hills. Wanafunzi walipewa orodha ya vifaa: begi la mgongoni, hema la mtu mmoja, mfuko wa kulalia, koti la mvua, suruali ya mlimani na viatu vya kupandia majabali. Baadhi ya vifaa hivyo vilitajwa hata kwa majina ya kampuni za ng'ambo. Binti wa jirani yangu aliileta karatasi hiyo nyumbani, mamake akaisoma mara mbili, akaikunja. Mama huyo ni mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo za kuuzwa nje. Jioni alinijia akaniambia: "Mwalimu, mimi kutwa nashona suruali za watu wa ng'ambo. Sasa naambiwa mwanangu haendi kwa sababu hana suruali ya watu wa ng'ambo."

Binti hakwenda. Wenzake walirudi na hadithi za palahala na ndovu, yeye akazisikiliza tu.

Nilitahayari, ndugu msomaji, kwa kuwa nami enzi zangu za kufundisha Jiografia niliandika orodha za namna hiyo, na sikuwahi kuuliza ni nani aliyebaki nyumbani. Safari ya pili ilipotangazwa, nilimwomba mama huyo ruhusa tumwandalie binti mzigo. Tulijiwekea masharti mawili. La kwanza, kila kitu kiwe kimetengenezwa Kenya. La pili, mzigo wote, pamoja na maji na chakula, usizidi robo ya uzito wa mwili wake, kwani hicho ndicho kipimo wanachoshauriwa vijana wanaosafiri kwa miguu. Yeye ana kilo 48. Kwa hivyo mpaka wetu ulikuwa kilo 12.

Tulianza na mkoba. Fundi mmoja wa Magongo alitushonea wa turubai jepesi, mikanda yake ikiwa mipana ili isikate mabega. Muuza viazi aliyekuwa karibu alitukubalia tuupime kwenye mizani yake: kilo 1.2. Malazi yalikuwa mkeka mdogo wa ukili uliosukwa Kwale na blanketi moja jembamba. Vyombo tulivitoa jikoni kwao: sufuria ndogo ya alumini yenye muhuri wa Kaluworks, kampuni iliyoanza mwaka 1929, pamoja na sahani na kikombe. Kamba ilikuwa ya mkonge, zao ambalo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kulizalisha duniani, na ambalo twaliona likimea Vipingo na Mwatate. Viatu vilikuwa raba za Bata, kampuni yenye kiwanda Limuru tangu kabla ya Uhuru.

Katika chakula ndipo tulipofaulu zaidi, wala si ajabu. Watu wa Pwani walijua kukausha chakula cha safari kabla ya kuwako kiwanda chochote. Tulifunga unga, ng'onda, korosho za Kilifi, majani ya chai ya Kericho na chumvi ya Gongoni. Chakula cha siku mbili kilikuwa na uzito wa kilo 1.6, na hakuna hata kipande kimoja kilichohitaji barafu. Tulipojumlisha nguo za kubadilisha na lita 3 za maji, mizani ilisimama kwenye kilo 11.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Sharti la uzito tulilitimiza. Sharti la Kenya lilitushinda pahali pengi. Tulipokwenda Biashara Street kununua kikoi na leso, vitambaa ambavyo sisi huvihesabu kuwa ndio utambulisho wetu, tulisoma vibandiko kimoja baada ya kingine na kukuta vingi vimetoka India. Chupa ya maji ya chuma ilikuwa ya China. Tusingeweza kuikwepa kwa kutumia chupa za plastiki za kutupwa, kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 zimepigwa marufuku katika mbuga na hifadhi zetu. Betri za kurunzi nazo zilikuwa za kigeni. Zamani tungenunua zilizotoka Nakuru, lakini kiwanda cha Eveready huko kilifungwa mwaka 2014. Chandarua tulikipata cha Arusha, nasi tukakubaliana kwamba jirani si mgeni.

Pigo kubwa lilikuwa mvua. Hatukupata koti jepesi lisilopenyeza maji wala hema jepesi lililotengenezwa nchini. Turubai lipo, lakini la kutosha hema lingemlemea mtoto. Tuliishia kununua karatasi ya nailoni kwa mita, ile wanayofunikia mafundi wa ujenzi saruji, tukaipitisha kamba iwe kibanda.

Wanafunzi na wajiulize kwa nini mambo yako hivi. Nchi hii ilikuwa na viwanda vya nguo vilivyovuma. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba na vitambaa vya bei ya chini vilimiminika, na viwanda kama Kicomi cha Kisumu vikaanguka. Rivatex ya Eldoret nayo ilisimama, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kuzinduliwa upya mwaka 2019. Wakati huohuo, tangu Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, viwanda vya kuuza nje vimeajiri maelfu ya washonaji, wakiwamo wa huku bara ya Mombasa. Maana yake ni kwamba ustadi tunao. Mikono inayoweza kushona suruali ya mlimani imo Changamwe. Tusichokuwa nacho ni kitambaa chetu na soko letu.

Hali hii si ngeni. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba kitambaa cha pamba kutoka Marekani, nasi tukakiita kwa jina la nchi hiyo hadi leo: marekani. Wapagazi waliokibeba walijitwisha takriban kilo 30 kila mmoja, na zaidi ya hapo vyombo vyao wenyewe. Hao ndio waliokuwa mabingwa wa kusafiri na vitu vichache katika nchi hizi. Mtu aliyekwisha kubeba mali ya tajiri hakuwa na nafasi ya anasa. Alichukua mkeka, chungu na posho. Elimu hiyo hatukuiandika katika vitabu vya shule, na sasa twainunua dukani kana kwamba ni uvumbuzi wa wengine.

Hata jina la mtaa wetu lina funzo. Port Reitz yaitwa kwa jina la Luteni John James Reitz, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 kuwa msimamizi. Alishika safari ya kuelekea Pangani wakati wa masika, akapatwa na homa, akafa mwaka uo huo. Wakati wake hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mwenezi. Sisi twajua, na kwa hivyo hatuna udhuru: mzigo uwe mwepesi, lakini chandarua na kinga ya mvua visiachwe kwa kisingizio cha wepesi wala cha uzalendo.

Binti alikwenda safari ya pili. Usiku mvua ilinyesha. Karatasi ya nailoni ilizuia maji, ila mkoba wa turubai uliachwa nje kidogo ukalowa, na asubuhi ulikuwa mzito kuliko ulivyotoka Magongo. Aliporudi hakunisimulia kwanza habari za ndovu. Alisema: "Shikamoo, mwalimu. Ule mkoba unahitaji kupakwa nta." Kisha akaniuliza kama nta ya nyuki yapatikana Kwale. Sikumbuki kama mimi, katika miaka yangu yote ya kufundisha, niliwahi kumfanya mwanafunzi aulize swali lenye manufaa kama hilo.

Kwa hivyo nina maombi matatu kwa walimu wenzangu. Kwanza, orodha ya safari itaje haja, isitaje kampuni. Andikeni "kitu cha kulalia kisichozidi kilo 2", na kila mzazi atafute kwa uwezo wake. Pili, vile ambavyo nchi haijaweza kutengeneza kwa bei nafuu, kama hema na makoti ya mvua, viwe mali ya shule na viazimwe kwa zamu, ili pasiwe na mtoto atakayebaki kwa ajili ya mvua. Tatu, kuandaa mzigo kuwe somo lenyewe. Wanafunzi wapime kila kitu, wasome kila kibandiko, waandike kilikotoka, na waulize kwa nini hakikutoka hapa. Hapo watakuwa wamesoma Hisabati, Jiografia na Biashara kabla hawajavuka kivuko cha Likoni.

Nawe mwanafunzi, usione haya kwa mkeka wako. Aliyeubeba mkeka akafika ni msafiri; aliyebaki nyumbani akisubiri begi la ng'ambo hajaanza safari. Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi ningeongeza tu kwamba mbacha ukitoboka, tusiufiche wala tusiutupe, bali tujifunze kuuziba. Nchi nayo ni vivyo hivyo.