Tununue mwangaza, tusinunue wati



Mavuno ya kahawa yakiisha na makuta yakiingia, neno la umeme halikosi katika mkutano mkuu. Mmoja anaomba grupu kubwa ya esanse kwa stasio ya kuosha kahawa. Mwingine anataka pano ya jua juu ya depo. Wa tatu anasema kila mwanachama apewe taa ya nyumbani. Hakuna aliye mjinga kati yao. Lakini sisi maagronomu tunaotembelea koperative za Kivu tunaona kwamba mara nyingi mazungumzo yanaanzia mwisho. Watu wanabishana juu ya mashini ya kutoa umeme, na ampule itakayokula ule umeme inaokotwa baadaye ku soko, yoyote ile, mradi bei iko chini. Mawazo yetu ni haya: tuchague ampule kwanza. Pano, batri na grupu vifuate.

Juu ya nini? Katika Wakongomani 5, karibu 4 hawana umeme nyumbani, na vijijini ni mbaya zaidi. Kwa hiyo umeme wa kijijini tunautengeneza wenyewe, na tunaulipia wenyewe. Ampule inayokula sana inatulazimisha kununua pano kubwa, batri kubwa, esanse nyingi. Ile pesa ingeweza kununua miche ya kahawa au magunia.

Muuzaji atakuambia: «Chukua hii, njo ya nguvu, iko na wati mingi!» Usimsikilize haraka. Wati inaonyesha umeme ambao ampule inakula. Mwangaza wenyewe unapimwa kwa lumeni, na imeandikwa kwenye katoni ya ampule nzuri. Ampule ya zamani ya waya, ya wati 60, inatoa lumeni kama 700. Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za umeme wake zinageuka joto. Ndiyo maana wengine wanaitumia kupashia vifaranga moto. Ampule ya LED ya wati 8 inatoa mwangaza karibu ule ule. Tena ile ya zamani inakufa baada ya masaa kama 1,000, na LED nzuri inaweza kupita masaa 15,000. Ampule za neon zilizokunjwa ziko katikati, lakini ndani yake mna zebaki kidogo. Ikivunjika, fungueni madirisha na msiokote vipande kwa mikono mitupu.

Tupige hesabu pamoja. Pano ya wati 20 ikipata jua zuri la masaa 4, inatoa wati-saa 80. Tuseme robo inapotea kwenye batri na nyaya: zinabaki 60. Kwa hizo 60, ampule 3 za LED za wati 5 zitawaka masaa 4: moja sebuleni, moja jikoni kwa mama, moja kwa watoto wanaosoma. Ampule moja ya zamani ya wati 60 ingezimaliza kwa saa 1 tu. Pano ni ile ile, jua ni lile lile. Kilichobadilika ni ampule.

Na koroboyi? Inatoa lumeni kama 10 tu, na moshi wake unaingia katika vifua vya watoto. Kwenye depo hatuitaki hata kidogo. Kwanza ni moto: gunia la juti halisubiri mtu aite jirani. Pili ni harufu. Kahawa inashika harufu kama chumvi inavyoshika maji, na kahawa inayonuka petroli ya taa mnunuzi ataikataa, hata kama mliiosha vizuri namna gani.

Tochi za mapile nazo zina deni la kujificha. Familia inayotia mapile 2 kila wiki inanunua 104 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei ya soko la kwenu, kisha mlinganishe na bei ya taa nzuri ya jua. Mapile yaliyokufa yasitupwe shambani wala karibu na chemchemi.

Sasa tuje mahali pa kazi. Kahawa mbivu iliyochumwa leo inapaswa kumenywa leo, kwa hiyo wakati wa mavuno stasio inafanya kazi mpaka usiku. Mwangaza uanzie kwenye mizani. Mkulima aliyebeba kahawa yake kutoka mlimani ana haki ya kusoma kilo zake kwa macho yake mwenyewe, siyo kuambiwa. Giza kwenye mizani linazaa manung'uniko, na manung'uniko yanapeleka kahawa kwa wachuuzi. Baada ya mizani, tieni taa kwenye mashini ya kumenyea, mikono ya watu isikatwe, kisha kwenye mabeseni ya kuchachushia. Kupakeni kuta chokaa nyeupe, na taa zishuke karibu na kazi, zisiachwe juu darini. Lakini kuchagua kahawa parshe kubaki kazi ya mchana. Taa za bei chini zenye rangi ya bluu zinaficha punje mbaya.

Tunasikia wanaosema: LED nzuri na taa nzuri za jua ni bei kali. Ni kweli, kwa mtu mmoja siku ya kununua. Ndiyo kazi ya koperative: kununua pamoja kwa bei ya jumla, na mwanachama kulipa kidogo kidogo kwa kahawa anayoleta. Dai garanti iliyoandikwa. Uliza kama ile taa imepimwa na VeraSol, programu inayopima ubora wa taa za jua. Uliza batri ni ya aina gani: ya risasi inachakaa haraka ikimalizwa kila usiku, ya lithiamu na chuma inavumilia miaka mingi zaidi. Hata taa za zawadi ziulizwe hivyo. Taa ambayo batri yake haibadilishwi itaishia darini ikikusanya vumbi, na familia itarudi kwenye koroboyi.

Kwa hiyo, kabla komite haijatia sahihi kununua grupu au pano, mwanachama mmoja asimame aulize maswali matatu. Tunahitaji mwangaza wapi, na masaa mangapi kila usiku? Ampule zitakula wati ngapi zote pamoja? Batri ikifa, nani ataibadilisha, na kwa pesa ya mfuko gani? Komite ikiwa na majibu, inunue. Ikiwa haina, ile pesa ingoje mkutano unaofuata.